Mmea wa tangi usioujua jina: tazama kwanza unapochipukia

Mpwa wangu ni mvuvi wa Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria. Asubuhi moja alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu cha kushonea hapa Kibuye, Kisumu, akateremsha ndoo ndogo ya rangi iliyojaa majani mabichi mpaka mdomoni.

"Shangazi, habari ya asubuhi. Hii imenasa kwenye wavu usiku, nikakumbuka tangi lako."

"Ahsante, baba. Ni mmea gani huu?"

"Sisi tunaita tu majani ya ziwa. Yakijaa kwenye wavu, kazi ya saa moja inakuwa ya saa tatu."

Nina tangi la samaki kando ya cherehani, mwaka wa saba huu. Ni la lita 90, na ndani mna guppy na fulu wachache. Wateja wanaongojea nguo hulitazama, na wanachoniuliza zaidi ni majani: Mama, hili linaitwaje, na umelipandaje likashika? Wengi wao wameshanunua mmea kutoka Nairobi usio na kibandiko cha jina, au wamegawiwa na jirani, wakauchomeka mchangani kama mche wa sukumawiki. Wiki ya tatu tangi linanuka.

Wangu wa kwanza wa kununua uliniozea hivyohivyo. Aliyeniuzia aliniambia niufukie vizuri usije ukaelea, nami nikaufukia shina lote. Nilipouchimbua, shina lilikuwa limelegea kama ndizi iliyolala juani siku nne. Baadaye nikajua kuwa ulikuwa Anubias, mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, ambao shina lake halitakiwi kuingia mchangani hata kidogo. Tangu siku ile sipandi kitu kabla sijajibu swali moja: huu unachipukia wapi? Jina naweza kulitafuta hata miezi miwili. Pale pa kuchipukia pakifukiwa vibaya, hiyo miezi miwili haifiki.

Mikono yako kwanza

Mmea wa ziwani, mtoni au bwawani hauji peke yake. Ukanda wetu wote wa ziwa una kichocho cha tumbo, na anayekibeba majini ni konokono mdogo anayependa kujishikiza kwenye mimea. Amejikunja bapa, kama futi ya kushonea uliyoiviringisha ukailaza mezani, na mara nyingi hazidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Vijidudu hutoka kwake, huogelea, hupenya ngozi bila wewe kuhisi chochote. Kwa hiyo ile ndoo sikuitia mkono mpaka nilipovaa glavu ndefu za mpira, na kazi niliifanyia nyuma ya kibanda, watoto wakiwa mbali.

Nilimwaga maji ya ziwa kwenye udongo mkavu, mbali na mtaro. Nikasuuza majani mara tatu kwa maji ya mfereji, nikigeuza kila tawi na kuondoa kila konokono niliyemwona, pamoja na mayai yao, ambayo ni vidonge vya utelezi unaong'aa vilivyogandama chini ya majani. Kisha nikayeyusha shabu, ile ile ya kusafishia maji ya mtungi, vijiko viwili vya mezani kwa lita 4, nikaloweka mimea siku mbili kivulini. Shabu haiui kila kitu. Baada ya hapo nikaisuuza tena, nikaiweka kwenye ndoo inayopitisha mwanga, peke yake, wiki tatu, na kila nilipomwona konokono mpya aliyeanguliwa nilimtoa.

Huyo anayeanguliwa ndani ya ndoo yako hazaliwi na kichocho. Hukipata pale tu kinyesi cha mgonjwa kinapofika majini. Na vijidudu vilivyokwisha kutoka kwa konokono visipompata mtu vinakufa baada ya siku moja, mbili. Kwa hiyo hatari ni wale konokono wakubwa waliokuja na mmea, na maji waliyokuja nayo. Ukiondoa hivyo viwili na ukawa na subira ya wiki tatu, unaweza kufanya kazi bila wasiwasi. Kama maji ya ziwa yalikugusa kabla hujasoma haya, nenda kituo cha afya, ueleze ni lini, maana kipimo hakionyeshi kitu siku za mwanzo. Dawa yake ipo na ni ya kumeza.

Mimea ya dukani haina shida hiyo ya kichocho kama ilikuzwa kwenye maji safi, lakini wiki mbili tatu kwenye ndoo naiwekea pia. Konokono wa kawaida wakiingia tangini kuwatoa ni kazi ya mwaka mzima.

Beseni jeupe

Mmea wa maji ukiushika mkononi hauuoni. Unajikunja, unashikamana, unakuwa donge la kijani. Uweke kwenye beseni jeupe lenye maji ya kina cha kiganja, nao utafunguka wenyewe kama gauni lililotundikwa. Ndoo ile niliyodhani ina mmea mmoja ilikuwa na mitatu iliyosokotana, pamoja na kijiti cha jani fulani la ufukweni lililokatwa na injini.

Kile kijiti nilikitenga mapema. Nilikiviringisha katikati ya vidole viwili, nikasikia pembe tatu. Ndago wengi wa jamii ya mafunjo wana shina lenye pembe hizo, na wao hupenda kukanyaga maji huku kichwa kikiwa hewani. Ukiwazamisha kabisa tangini wanaoza. Kipimo hicho cha vidole ni cha sekunde tatu na kimeniokoa mara nyingi.

Kipimo cha pili: inua mmea kutoka majini. Uliozoea kuishi chini ya maji hauna mifupa, unalala chali kama leso iliyofuliwa, kwa sababu maji ndiyo yaliyokuwa yakiubeba. Ukibana shina lake ndani ya maji utaona viputo vya hewa vikitoka, maana mimea hii ina vyumba vya hewa ndani yake. Unaosimama wima ukiwa nje, wenye jani la kung'aa ambalo maji yanateleza juu yake bila kulilowesha, uutilie shaka. Wapo wauzaji wanaoweka mianzi ya bahati kwenye matangi. Ule si mwanzi kamwe, ni Dracaena, wa nchi kavu kabisa. Miguu yake inavumilia maji ya chupa lakini majani yake yakizama yanaoza polepole na kuharibu maji yote. Ila usimalize hukumu kwa kipimo hiki peke yake, kwa kuwa mimea mingi mizuri ya dukani, kama Anubias wenyewe, hukuzwa vichwa vikiwa nje ya maji na hufika kwako ikiwa imesimama imara.

Sasa tazama mmea unavyojengwa, ukianzia chini kwenda juu. Mimi hutumia futi yangu, sindano ndefu ya kutenganishia majani, na tochi ya simu niliyoiweka upande wa nyuma wa jani ili mishipa ionekane.

Mmea wa kwanza ulikuwa wa shina refu lenye vifundo kama muwa mwembamba, na kwenye kila kifundo majani yamezunguka shina kama pete. Hesabu majani ya pete, na usihesabu pete moja tu. Nilihesabu kumi: tano, tano, sita, tano, nne, tano, na kuendelea. Jani moja lilikuwa na urefu wa milimita 14 na upana wa milimita 3. Nilipolipitisha katikati ya vidole kutoka nchani kwenda shinani lilikwaruza, kama kushika ukingo wa gunia, na mwanga wa simu ulionyesha meno ya msumeno pembeni, ya kuonekana kwa jicho tupu. Nikaligeuza. Chini, juu ya mshipa wa kati, kulikuwa na vijimwiba.

Hapo ndipo penye kesi, maana ipo mimea mitatu inayofanana sana. Elodea wa Amerika Kaskazini kwa kawaida ana majani matatu kwenye pete. Egeria wa Amerika Kusini, anayeuzwa sana kwa wafugaji wa samaki, ana manne au zaidi, majani yake ni makubwa, laini, na meno yake huyaoni bila lenzi. Hydrilla verticillata ana manne hadi manane, mara nyingi matano, na anakwaruza. Kama majani hayakupangwa pete bali yanapanda kwa kuzunguka, moja moja, na kupinda kurudi nyuma, huenda ni Lagarosiphon, ambaye asili yake ni bara letu hili. Wangu ulikuwa Hydrilla. Nilichimba mizizi kwa sindano nikakuta vijiazi viwili vyeupe vidogo kuliko punje ya mahindi, na shaka ikaniisha.

Wa pili haukunichukua muda. Ulikuwa kama mkia wa paka, mgumu kidogo, na kila jani lilijigawa mara mbili kama panda ya manati, kisha kila tawi likajigawa tena. Mizizi haukuwa nayo, na sikuitafuta zaidi, kwa sababu Ceratophyllum demersum haina mizizi katika maisha yake yote. Ukikuta jani lililo kama unyoya wa kuku, lenye uti katikati na nywele pande mbili, huyo ni Myriophyllum, na yeye ana mizizi. Tofauti ya panda na unyoya inaonekana hata na mtoto.

Wa tatu ndio uliofanya niache kazi ya watu asubuhi yote. Ulikuwa utepe. Majani kumi na mawili, marefu, yametoka pamoja mahali pamoja bila shina, mapana ya milimita 7, mororo kama riboni ya satini, na marefu kuliko beseni. Kutoka ubavuni mwa kitako chake kulitoka uzi mnene uliokwenda kando sentimita 9 na kubeba mtoto mwenye majani matatu, kama viazi vitamu vinavyotambaa. Nilishika ncha ya jani kwa ukucha nikairudisha nyuma polepole: vijimeno, vidogo sana, karibu na ncha tu, na ncha yenyewe butu. Niliandika Vallisneria kwenye daftari na nikaweka alama ya kuuliza, kwa sababu upo mmea mwingine wa utepe, Sagittaria, anayemkaribia sana. Ukingo wake ni laini mpaka mwisho. Lakini mkono wa mtu unaweza kudanganywa na utando wa mwani, na mimi sikutaka kujidanganya.

Kuandaa tangi

Hapa sitakaa sana. Mchanga mzito wa ujenzi, uliochekechwa vumbi lote likatoka, unatosha. Uoshe ndani ya karai mpaka maji yatoke safi. Weka chembe chache kwenye kijiko cha siki. Zikitoa povu, mchanga huo una chokaa na utafanya maji yawe magumu, tafuta mwingine. Usichote wa ufukweni, kwa sababu ya yale niliyokwisha kusema. Kina cha mchanga kiwe sentimita 6 upande wa nyuma na 4 mbele. Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana klorini itoke. Mbolea za shamba, DAP au urea, usithubutu: zinageuka amonia na samaki watakufa kabla ya jioni.

Kwa joto, Kisumu tumebarikiwa. Sijawahi kununua hita. Dada yangu aliye Nakuru, maji yake hushuka hadi nyuzi 18 usiku wa Julai, na mimea hii yote bado inaishi kwake ingawa inakua polepole.

Jaza maji nusu ya tangi kabla ya kupanda, ukimimina juu ya sahani ili mchanga usifumuke. Ukipanda kwenye tangi kavu majani yanalala na kukauka ukiwa bado unahangaika, na ukipanda kwenye tangi lililojaa mikono inatikisa kila kitu.

Kila mmea na mlango wake

Ule usio na mizizi uache uelee, au ufunge kijiwe kwenye ncha ili ukae mahali unapotaka. Ukizika shina, sehemu iliyozikwa inaoza na mmea unapanda juu wenyewe. Siku za kwanza utapukutisha sindano zake kwa sababu ya kuhamishwa, nawe uzikusanye kwa kichujio.

Ule wa shina unachipukia vifundoni na nchani. Kata vipande vya urefu wa kiganja, chini kidogo ya kifundo. Vua pete mbili za majani ya chini, maana jani lililofukiwa linaoza, na kwenye vifundo hivyo vitupu ndiko mizizi itakapotokea. Chomeka vipande vinne au vitano, kila kimoja mbali na mwenzake kwa upana wa kidole, ili mwanga ufike chini. Kwa Hydrilla lakini mimi sipandi mchangani. Vile vijiazi vyake vinabaki udongoni na kuchipua hata ukidhani umeng'oa mmea wote, kwa hiyo niliupanda ndani ya kikombe cha udongo cha kupandia miche, nikakizamisha nyuma ya jiwe. Siku nikiuchoka nitatoa kikombe kizima.

Ule wenye shina nene linalolala kama tangawizi, kama Anubias, au jimbi la Java ambalo lina madoa ya kahawia chini ya majani yake, unachipukia kwenye hiyo tangawizi. Mizizi inaweza kugusa mchanga, tangawizi isiguse. Mfunge kwenye jiwe au kipande cha mti uliokwisha kuchemshwa. Na kwa kuwa hapa ndipo kazi yangu ya cherehani inaponisaidia, niseme habari ya uzi. Wengi hutumia uzi wa pamba kwa sababu unaoza wenyewe. Kwa mimea inayoshika haraka ni sawa. Anubias ni mzito, huchukua miezi miwili au zaidi kukumbatia jiwe, na pamba inaoza mapema, unaamka asubuhi mmea unaelea. Natumia poliesta nyeusi, mizunguko mitano isiyobana, kisha mmea ukishika naukata uzi huo. Kama hujui uzi wako ni upi, choma ncha yake: pamba inawaka ikatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini; poliesta inayeyuka na kuacha tone gumu kama shanga nyeusi.

Yungiyungi na wengine wa kiazi, waweke kiazi juu ya mchanga, nusu tu ndani, upande unaochipuka ukitazama juu.

Sasa ule utepe, mmea niliouhangaikia kuliko yote. Unachipukia katikati, pale majani yote yanapokutana, kwenye kitako cheupe juu ya mizizi. Kitako hicho kikifunikwa na mchanga hata kwa sentimita moja, majani mapya yanatoka yakiwa yameoza. Nilikata mizizi ikabaki sentimita 4. Nikaishika kwa kibano pamoja na ncha, nikaisukuma mchangani kwa mshazari, ndani zaidi ya inavyohitajika, mpaka kitako kikapotea. Nikaachia kibano polepole, nikachomoa. Kisha nikashika majani karibu na chini na kuuvuta mmea juu kidogo kidogo, mchanga ukiwa unatelemka kuzunguka mizizi, mpaka ukanda mweupe ukatokea juu ya mchanga, upana wa punje ya mchele. Hapo nikasimama. Kuuvuta huko kunainyoosha mizizi itazame chini, nao unashika vizuri kuliko ungeuchomeka moja kwa moja.

Jani likiwa refu kupita tangi liache lilale juu ya maji. Usilikate katikati. Jani la utepe lililokatwa linakauka kuanzia pale mkasi ulipopita, hudhurungi inashuka siku kwa siku. Kama halitakiwi, litoe zima kuanzia chini.

Mtoto aliyekuja na uzi wake sikumtenga. Nilimlaza mchangani na mama yake, nikaubana ule uzi kwa kijiwe. Mtoto hukatwa akiwa na majani manne na mizizi yake mwenyewe.

Wiki za kutazama na kutogusa

Siku ya nane majani sita ya utepe yalikuwa yamegeuka kioo, unaona upande wa pili. Mteja mmoja akaniambia, "Mama, ung'oe, umekufa huo." Nikamwonyesha kitako: cheupe, kigumu, na katikati yake ncha ya kijani kama ncha ya sindano. Mmea uliohamishwa huacha majani ya zamani, yaliyotengenezwa kwa maji mengine na mwanga mwingine, ukaanza mapya. Toa yaliyooza, mengine acha. Kila unapoung'oa kuangalia mizizi unaurudisha siku ya kwanza. Kigezo changu ni kimoja: pale pa kuchipukia pakiwa pagumu ukipagusa, mmea u hai. Pakilegea na kunuka, toa leo hii.

Taa yangu ni balbu ya LED nyeupe iliyoandikwa 6500K, inawaka saa nane kwa siku. Stima ikipotea jioni siwashi usiku kufidia. Tangi langu liko mbali na dirisha la magharibi. Jua letu la saa kumi lilikuwa linajaza kioo mwani wa kijani kila wiki nilipokuwa nimeliweka huko. Fulu dume nao wana tabia ya kuchimba mchanga, kwa hiyo weka vijiwe vya ukubwa wa yai kuzunguka mimea michanga mpaka ishike. Na kama una tilapia tangini, jua kuwa wapo wanaokula mimea, na kazi hii yote itakuwa chakula chao.

Wiki ya tano utepe ulitoa uzi mwingine kando. Wiki ya saba walikuwa watoto wanne. Sasa ziada inaanza kuwa swali.

Ziada usiimwage mtaroni, mtoni wala ziwani, hata kama mmea ulitoka humo humo. Sisi watu wa hapa tunajua gugu maji ni nini: mmea wa Amerika Kusini, wenye ua zuri la zambarau, ulioingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo ukijaa kwenye Ghuba ya Winam mpwa wangu hatoi mtumbwi. Na Hydrilla, aina ile ile ya ndoo yangu, alipelekwa Florida, Marekani, kutoka Asia katika miaka ya 1950 kwa biashara ya mimea ya matangi, akaziba mito na maziwa ya huko. Kwa sababu hiyo, wa Dunga simpi mtu wa kumpeleka Naivasha. Naanika ziada juu ya mabati siku tatu za jua, mpaka ivunjike mkononi, kisha naichimbia chini ya sukumawiki.

Kulipata jina

Piga picha mmea ukiwa ndani ya beseni jeupe, futi imelazwa kando: moja ya mmea mzima, moja ya kitako, moja ya ncha ya jani, moja ya kifundo. Andika ulikotoka, tarehe, na kina cha maji kama anayekuletea anakijua. Halafu hifadhi kipande. Mmea wa maji haukandamizwi kitabuni hivi hivi, unageuka donge. Zamisha karatasi ngumu chini ya maji ya beseni, uelekeze mmea juu yake, utandaze majani kwa sindano ukiwa bado ndani ya maji, kisha inua karatasi upande mmoja, taratibu, maji yatiririke yakiacha majani yamelala yalivyokuwa yanaelea. Mimi natumia karatasi yangu ya kaki ya kukatia vipimo. Funika kwa kipande cha kitambaa cha neti kisishikamane, weka katikati ya magazeti chini ya tofali, badilisha magazeti kila siku kwa wiki moja. Kipande kilichokaushwa hivyo, chenye tarehe na mahali, kinaweza kupelekwa Nairobi kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, au kuonyeshwa mwalimu wa mimea chuoni. Picha peke yake mara nyingi haiwatoshi.

Nami nilikuwa nimeshafunga changu kwenye bahasha nikingoja mtu anayekwenda Nairobi. Mwezi wa tatu tangu nipande, nikiwa natia zipu kwenye suruali ya mtu, niliona uzi mweupe umepanda kutoka kwenye kitako cha ule utepe mpaka juu ya maji. Mwembamba kuliko uzi wa cherehani, umejizungusha kama springi ya bobini, na juu kabisa kiua kidogo cha kijani cheupe kimelala kwenye ngozi ya maji. Ua la kike la Vallisneria ndivyo lilivyo: linafika juu kwa kamba yake, maua ya kiume ya mmea mwingine yanakatika chini na kuelea kulifuata, na likishapata uchavushaji kamba inajikunja na kulivuta chini likomaze mbegu. Kwa ajili ya kamba hiyo mmea uliitwa spiralis. Sagittaria hana kitu kama hicho. Yeye ana maua meupe yenye petali tatu.

Nilimpigia mpwa wangu simu. Alikuja jioni, bado ananuka omena, akainama mbele ya kioo muda mrefu.

"Shangazi, miaka yote hii naying'oa kwenye wavu. Sijawahi kuona ua lake."

Nilifungua bahasha, nikatoa ile karatasi ya kaki, nikafuta alama ya kuuliza, na chini yake nikaandika kwa penseli: Vallisneria spiralis, Dunga, kwenye wavu.